BI MDOGO ALIIBA MCHORO WA MAREHEMU BINTI YANGU... NIKAMPIKIA CHUNGU CHAKE

Nilimkuta mke mwenzangu amesimama mbele ya darasa zima, mkono wa kulia umejaa udongo mwekundu hadi kwenye kiwiko, anachora mchoro wa marehemu binti yangu.

Kwenye ukuta wa shule. Mchana kweupe.

Na watoto wamekaa chini, midomo wazi, wanamtazama kama malaika kashuka.

"Huu," akawaambia, "nimeubuni mimi mwenyewe. Umetoka hapa." Akajigonga kifuani. "Na hizi hapa chini mnazoziona ni mbegu tano. Hizo nazo zina maana yake, nitaisema siku ya wageni."

Mimi niko nyuma yao, mzigo kichwani, na kichwa chenyewe kimenyolewa kwa msiba wa kaka yangu. Nimeshuka kwenye gari nikapitiliza shuleni, hata maji sijanywa.

Nikaushika mzigo kwa mikono miwili...

Wajukuu zangu mnaonisoma huko kwenye simu zenu, kaeni vizuri. Bibi yenu aliishia darasa la sita na miwani yake ina mguu mmoja. Herufi zikipinda, zinyoosheni wenyewe.

Ila kwanza, kitendawili.

Maji yangu yanafukuza maji.

Fikirini taratibu. Asiyejua atanipa mji, na vijiji sipokei.

Mimi ni Talata, bi mkubwa wa nyumba ya marehemu Abugre. Asibi ni bi mdogo. Mume alikwenda zake akatuachia ua mmoja, milango miwili inayotazamana, na kuku ambao mpaka leo hatujui wepi ni wa nani.

Huku kwetu, mji wa Bolga ukiuacha nyuma unaelekea mpakani, mwanamke anajulikana kwa ukuta wake. Mvua zikikatika tunakandika upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, tunasugua kwa kokoto mpaka ukuta uteleze, halafu tunapaka. Nyekundu, nyeusi, nyeupe. Chatu, ng'ombe malishoni, vipande vya kibuyu kilichopasuka.

Zamani msichana alijifunza kwa mama yake. Sasa mama yake yuko Kumasi anabeba mizigo sokoni.

Ndiyo maana Mwalimu Teni, binti mdogo tu anayefundisha sanaa na ubunifu pale shuleni, alikuja uani kwangu akachuchumaa kunisalimia.

"Mama, kitabu kinasema niwafundishe watoto sanaa ya mahali walipo."

"Sasa?"

"Picha iliyomo kitabuni ni ya bahari."

"Bahari ya wapi?"

"Sijui mama. Hata mimi sijawahi kuiona."

Tukacheka mpaka kuku wakakimbia. Wiki iliyofuata nikaanza kwenda darasa la tano.

Mwalimu Teni alileta rula. Nikaziweka kwenye kapu, nikazikalia. Mstari wa ukutani unatoka begani, hautoki kwenye mbao. Watoto niliwapa unyoya wa kanga na mawe ya kusaga rangi, na nikawafundisha kwa lugha ninayoijua.

"Kitendawili."

"Tega!"

"Ng'ombe wangu hawali, hawanywi, hawanyi, na wako malishoni mwaka mzima."

"Wa ukutani!"

"Haya, kila mtu akachore zizi lake."

Tulikuwa tunajaza ukuta mrefu unaotazama barabara. Upande mmoja chatu wa watoto, upande wa pili ng'ombe. Katikati niliacha nafasi tupu, duara kubwa kama sinia la harusi.

Mwalimu Teni aliniuliza, "Hapo mama tunaweka nini?"

"Hapo pana mwenyewe. Tusubiri mkono wake ukomae."

Mwenyewe alikuwa Poka, mjukuu wangu, amekaa mstari wa mbele na ulimi nje akisaga rangi. Mtoto wa binti yangu Lamisi.

Lamisi ndiye aliyeubuni ule mchoro. Vipande vya kibuyu vimepangwa duara, vinafuatana kama wanawake wanaocheza ngoma, halafu kipande kimoja hakipo. Pengo.

Nilimuuliza, "Mbona hujamalizia?"

"Nimemaliza mama. Hapo ndipo mtu anapoingilia."

Aliuchora ndani ya chumba changu. Mvua za mwaka uliofuata zilimkuta ameshazikwa. Homa... siku chache tu.

Sasa sikilizeni desturi yetu, kwa sababu kesi yote iko hapa.

Kijijini kwetu mchoro mpya unabeba jina la mwanamke aliyeutoa nje kwanza. Ukiwa chumbani ni siri yako. Ukiutoa nje, utapakwa maji ya maganda ya matunda ya mti wa mdawadawa, yale yanayochemshwa mpaka yanate. Hayo ndiyo yanashika rangi isioshwe na mvua. Kisha mkubwa wa wanawake anakuja na kibuyu cha maji safi, anakuuliza mbele ya watu mchoro wako unasema nini, halafu anaumwagia.

Rangi ikigoma kutoka, jina limekaa. Hata ukienda kwa chifu umechelewa.

Mimi nilimwahidi Lamisi kaburini: mchoro wako utatoka nje kwa mkono wa mwanao, na utaitwa Mchoro wa Lamisi.

Ndio huo sasa Asibi alikuwa anauchora.

"Asibi," nikaita.

Akageuka. Hakushtuka hata kidogo.

"Oh, bi mkubwa. Pole na msiba. Watoto, msalimieni bibi yenu."

"Huo mchoro umeutoa wapi?"

"Kwani michoro inafugwa? Michoro ni ya wote."

"Huo uko chumbani kwangu, na mlango niliufunga."

"Na ufunguo ukaniachia mimi nikulishie kuku. Nimelisha kuku. Nimeona kuku."

Akawakonyeza watoto, wakacheka bila kujua wanacheka nini.

"Ni wa Lamisi," nikasema.

Akanisogelea, akashusha sauti. Akawa ananinukia ugoro.

"Lamisi alikufa, Talata. Wewe umeufungia ndani miaka yote hiyo kama karanga za mbegu. Mimi nimeutoa. Jina litakuwa langu, nawe hutakuwa na la kufanya."

Mwalimu Teni akaja mbio, uso umempauka.

"Mama Talata, mimi nilijua mmekubaliana! Mama Asibi alisema umemtuma. Wageni wa wilaya wanakuja Ijumaa, nimeshawaandikia jina."

"Jina gani?"

Akainamisha kichwa. "Mchoro wa Asibi."

Hilo nililimeza. Lililofuata ndilo lililonikwama kooni.

Poka alisimama, mikono yote myekundu.

"Bibi... hiyo rangi nimesaga mimi. Bibi Asibi alisema umesema nimsagie."

Mnaelewa? Alimsagisha yatima rangi ya kumzikia mama yake mara ya pili.

Nilitaka kumrukia. Wallahi nilitaka kumvua kile kitenge mbele ya darasa la tano. Lakini macho yangu yakashuka pale chini ya duara, kwenye zile mbegu zake tano. Madoa madogo matano, yamejipanga kama kundi la vifaranga.

Nikayatazama vizuri.

Kicheko kikanipanda kutoka tumboni. Nikakimeza kama kidonge.

Nikatua mzigo wangu chini, nikatabasamu.

"Mchoro mzuri, bi mdogo. Mkono wako bado uko sawa. Maji ya maganda nani anapika?"

Asibi akashusha mkono kutoka ukutani.

Kwa sababu nalo hilo lina desturi yake. Kwenye kila nyumba bi mkubwa ndiye anayechemsha. Bi mdogo analeta kuni na maji, na hafunui kifuniko. Tena mchoro mpya unapewa chungu chake peke yake, na anayeudai ndiye anayeurushia kwa ufagio, mtu mwingine hagusi.

Asibi akanitazama, ananipima.

"Wewe, bi mkubwa. Kama siku zote."

"Basi nitapika."

Nyumbani Poka aligoma kula. Ugali wa mtama ukapoa, mchuzi wa bamia ukaganda.

"Bibi, utampikia kweli?"

"Nitampikia."

"Akishapaka si basi tena? Mama atakuwa amepotea."

"Kitendawili," nikamwambia.

Akaisukuma sahani. Nikamngoja.

"...Tega," akasema kwa hasira.

"Maji yangu yanafukuza maji."

"Maji ya maganda. Hicho cha watoto wadogo."

"Haya. Na maji yangu yanaita maji?"

Akafikiri. Akakunja uso.

"Hicho sikijui."

"Nipe mji."

"Nakupa Bolga."

"Bolga nimelala juzi, kunguni wamenimaliza. Siitaki. Kula, utalijua jibu Ijumaa."

Siku ya kuchemsha Asibi alileta kuni mwenyewe, anaimba. Alikuwa ameshaanza kutembea kama mtu mwenye jina.

"Bi mkubwa, moto wako hafifu. Uzee huo."

"Weka kuni uende, bi mdogo. Chungu hakipendi kelele."

"Kikubwa cha watoto, kidogo changu?"

"Kikubwa cha watoto. Kidogo chako."

Akachota ugoro, akavuta pua zote mbili, akaondoka. Ule ugoro, wajukuu zangu, ulishaua pua yake zamani. Unaweza kumpitishia panya aliyeoza akakuuliza unapika nini kizuri.

Chungu kikubwa nilijaza maganda ya mdawadawa mpaka juu. Nikachemsha asubuhi hadi jua linapinda, mpaka maji yakawa mekundu, mazito, yananata kidoleni na kunuka ua mzima.

Chungu kidogo... nikachukua mabua ya mtama mwekundu, yale tunayopikia wali wa maharage ukabadilika rangi. Nikayatia kwenye maji. Nikachemsha kidogo.

Yakatoka mekundu vilevile. Mazuri. Mepesi kama chai ya mgonjwa.

Nikafunika.

Kesho yake wanawake wakaja shuleni na fagio zao. Watoto wakachovya kwenye chungu kikubwa, wakarushia chatu wao, wakarushia ng'ombe wao, wanalowana na kupiga kelele. Mwalimu Teni alilowa zaidi ya wote.

Asibi akabeba chungu chake kidogo mwenyewe. Asingekubali mtu akisogelee.

"Hiki changu," anasema. "Wengine kaeni kando, msinichafulie."

Wanawake wakaanza kututania kwa nyimbo, maana wake wenza wakifanya kazi pamoja lazima waimbiwe.

"Bi mkubwa kapika nini leo?"

"Kapika anachostahili bi mdogo," nikaitikia.

Wote wakacheka. Asibi alicheka kuliko wote.

Akarusha ufagio wa kwanza. Wa pili. Akaulowesha ule mchoro wa binti yangu kwa maji ya mtama mpaka ukang'aa. Jua likaukausha, ukapendeza macho.

Sikuona huruma. Niwaambie ukweli, sikuona hata chembe.

Ijumaa ikafika.

Wageni wa wilaya wakaja na pikipiki mbili na gari moja. Wakawekewa viti. Kijiji kizima kikajaa barabarani, pombe ya mtama ikazunguka kwenye vibuyu, watoto wamesimama mbele ya ukuta wao wamepakwa mafuta ya shea wanang'aa.

Asibi alivaa kitenge ambacho sijawahi kukiona.

Akaletwa Mama Atampoka, mkubwa wa wanawake. Macho yake yanaona ukungu tu, ila mkono wake haujawahi kutetemeka. Akapewa kibuyu cha maji safi.

Akamwagia chatu.

Maji yakateremka meupe. Chatu hakutikisika.

Akamwagia ng'ombe. Maji yakashuka, ng'ombe wakabaki wanakula. Watoto wakashangilia, Mwalimu Teni akafuta machozi kwa kanga yake.

Mama Atampoka akafika katikati.

"Huu mpya ni wa nani?"

"Wangu, mama," Asibi akajibu. "Asibi wa nyumba ya Abugre."

"Unasema nini?"

Asibi akageukia watu. Alijiandaa, nyie. Sauti ilikuwa ya redioni kabisa.

"Duara hili ni nyumba yangu. Pengo hili ni mlango wangu, niliouacha wazi kwa wageni. Na mbegu hizi tano hapa chini ni wanangu watano wa kiume, niliowapanda katika nyumba ya Abugre."

Makofi! Vigelegele! Mgeni mmoja akaandika.

"Mbegu tano, wana watano," Mama Atampoka akasema. "Vizuri. Mtu mwingine ana neno?"

Nikasimama.

"Mimi nina kitendawili, mama."

"Talata na vitendawili vyako. Hata leo?"

"Hasa leo. Kitendawili."

Watoto wangu wa darasa la tano wakajibu wote kwa pamoja, "Tega!"

"Nilipanda mbegu tano ukutani. Mbegu hazikuota. Aliyekua ni mpandaji."

Watu wakatazamana. Mgeni mmoja akajaribu, "Misumari?"

"Hapana baba."

"Nyota?"

"Hapana."

Asibi akabetua mdomo. "Mpeni mji akae chini, tuendelee."

"Tunakupa Tamale," wakasema.

"Ndogo."

"Basi Accra."

"Accra nimeipokea. Nitawapa jibu, ila kwanza mama amwage maji."

Mama Atampoka akainua kibuyu.

Akamwaga.

Kwanza hakikutokea kitu. Nikaona bega la Asibi linashuka, linapumua.

Kisha wekundu ukaanza kutembea...

Ukashuka kama mchuzi unaofurika chungu. Nyeusi ikafuata. Nyeupe ikafuata. Kipande kwa kipande kibuyu cha mchoro kikayeyuka, rangi zikatiririka hadi chini, zikafika kwenye miguu ya Asibi, zikalowesha kitenge kile kipya.



Katikati ya ukuta pakabaki udongo mtupu, na pembeni chatu na ng'ombe wa watoto wako salama kabisa.

Asibi akageuka polepole. Akanitazama. Alishajua.

"Talata. Ulipika nini?"

"Mabua ya mtama."

Mnaijua ile sauti ya watu wengi kuvuta pumzi kwa pamoja? Hiyo.

"Mmemsikia!" Asibi akapasuka. "Amekiri mwenyewe! Mwanamke ana wivu huyu, ameniharibia mchoro wangu mbele ya wageni! Bi mkubwa anapika sumu kwenye chungu cha desturi!"

Watu wakaanza kunigeukia. Mke wa jirani yangu alitema mate chini. Kupika chungu cha uongo, kwetu ni aibu inayowafuata hata wajukuu hadi kwenye ndoa zao. Mwalimu Teni alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza.

Mama Atampoka akanyamazisha watu kwa mkono.

"Talata. Kwa nini?"

"Jibu liko chumbani kwangu, mama. Ni hapo tu nyuma ya uzio. Njooni mlichukue."

Asibi akabadilika sura. "Chumbani kwake tunafuata nini? Kesi iko hapa."

"Kama huna hofu, tangulia," Mama Atampoka akasema.

Wakaja. Wanawake, wageni, watoto, mpaka wanywaji. Wengine wakabaki uani wakichungulia. Nikafungua mlango, nikafungua na dirisha, jua likaingia hadi ukutani.

Ulikuwepo. Mchoro wa Lamisi, rangi zimefifia kidogo, duara na pengo lake.

"Ee," mtu akasema.

"Huyo aliiga wa kwangu!" Asibi akasema. "Aliuona shuleni, akaja kuuchora humu!"

Hapo ndipo nilipokuwa namsubiri. Miguu yake yote miwili ilikuwa ndani ya mtego.

"Mama Atampoka, naomba mkono wako."

Nikauchukua, nikaushusha chini ya duara. Vidole vyake vikapapasa, vikapata zile mbegu tano. Hazikuwa zimechorwa. Zilikuwa vishimo vidogo, vimezama kwenye udongo.

Akavipapasa tena. Uso wake ukaanza kulainika.

"Hivi ni vidole," akasema. "Vidole vya mtoto mchanga."

"Siku Lamisi alipomaliza, ukuta ulikuwa bado mbichi," nikasema. "Mwanawe alikuwa anajifunza kusimama. Akauegemea ukuta kwa mkono mmoja, akaanguka. Nilitaka kusugua, Lamisi akanikataza. Akasema mwacheni, naye amechora."

Nikamvuta Poka mbele.

"Jibu langu ni hili. Mbegu tano hazikuota. Mpandaji amekua, yuko darasa la tano."

Poka akaweka kidole chake kwenye kishimo kimoja. Hakikuingia tena.

Mnaona wizi ulivyo na macho mabovu? Asibi aliingia chumbani kwangu, akaunakili ule mchoro kila kitu, mpaka doa la mtoto kuanguka. Akalipatia maana. Akalisemea mbele ya wilaya nzima.

Mama Atampoka akageuka kumtafuta kwa macho yake ya ukungu.

"Asibi. Kumbe wanao watano uliwazalia ukutani kwa Talata?"

Jamani... kicheko kilichotoka pale! Kilianzia chumbani, kikatoka uani, kikafika barabarani. Wanywaji walikaa chini. Mgeni wa wilaya alificha uso kwenye karatasi zake.

Nikakinywa kicheko kile kama pombe ya siku ya soko. Taratibu. Mpaka chini ya kibuyu.

Asibi alisimama peke yake katikati ya chumba changu, kitenge kinachuruzika rangi.

"Shule ilikuja ikakuita wewe," akasema, na safari hii hakumwangalia mtu. "Walipita mlangoni kwangu wakaenda kwako. Toka nimeolewa naleta kuni na maji. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama na mimi najua kuchora."

Hapo alisema kweli. Lakini sikumsamehe. Angeweza kuchora chake.

Mama Atampoka akakata kesi palepale.

"Mchoro haujatoka nje, maji ya maganda hayajaugusa. Pengo liko wazi ukutani kwa watoto. Mwenye mkono aende."

Tukarudi shuleni. Poka alichora mbele ya watu wote, ulimi nje. Chini alipofika, Mwalimu Teni akamuuliza kama ataweka na zile mbegu.

"Hapana mwalimu. Zile nilishapanda."

Pengo aliliacha. Wageni wakafuta jina la zamani, wakaandika Mchoro wa Lamisi. Nikalia mpaka miwani yangu ya mguu mmoja ikaanguka.

Mnadhani imeishia hapo? Hata mimi nilidhani.

Mchoro mpya ulihitaji chungu chake kipya. Bi mkubwa ni mimi. Nikachemsha, maganda matupu, mazito, na siku hiyo niliongeza maganda zaidi ili majirani wote wasikie harufu. Nikakibeba mwenyewe hadi shuleni.

Poka alishika ufagio. Akakitazama chungu. Akanitazama mimi.

Asibi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha darasa, amejifunga kitenge chake cha zamani, anavuta ugoro.

"Chovya kidole kwanza, mwanangu," akasema kwa upole. "Wewe humjui bi mkubwa wangu."

Nikasubiri Poka amcheke. Nikasubiri aseme, huyu ni bibi yangu.

Poka akachovya vidole viwili kwenye chungu changu. Akavisugua pamoja, akavitenganisha, akaangalia kama vinanata.

"Sawa, bibi," akasema. "Ni yenyewe."

Nyuma yake darasa zima wakapanga mstari, mmoja mmoja, wakachovya, wakasugua, wakaniangalia usoni.

Asibi alipiga chafya, akacheka mpaka akashika mbavu.

Wajukuu zangu, sijuti. Ningerudishwa siku ile, ningechemsha mtama uleule. Lakini nawaambia: ukiiba cha mtu unabeba na madoa yake, na ukilipiza mbele ya watoto, wao hawajifunzi haki yako, wanajifunza chungu chako.

Bado nafundisha darasa la tano. Kila nikifika na maji ya maganda, watoto wananipokea kwa heshima, wananisalimia kwa kuchuchumaa, wananiita bibi.

Halafu wanachovya.